Kabla ya Kuangusha, Mtoto Ajifunze Kuanguka

Mwezi huu tunazungumza habari ya jujitsu ya Brazili, mchezo wa kukabana ambao vijana wengi wanautamani. Hapa Mengo wazazi tunaulizana: sisi tumekimbia vita, sasa tuwapeleke tena watoto wakajifunze kupigana? Swali hili ni la haki, tena halijibiwi kwa haraka. Kwanza tuujue mchezo wenyewe.

MCHEZO GANI HUU?
Majirani zetu Waganda wana ekigwo, mieleka ya kienyeji. Ukimwangusha mwenzako, umemweza. Jujitsu ya Brazili inaanza pale ekigwo inapoishia: mkishaanguka, mnaendelea palepale chini. Hakuna ngumi wala teke. Unambana mwenzako, unamkunja kiungo au kumkaba mpaka akubali.

Asili yake ni judo, ambayo Jigoro Kano aliianzisha Tokyo mwaka 1882. Mwanajudo Mitsuyo Maeda alifika Brazili mwaka 1914, na mbinu zake zikaifikia familia ya Gracie. Wao wakaukuza mchezo wa chini, ili hata mtu mwembamba aweze kujitetea mbele ya mwenye nguvu.

MASOMO YA KWANZA
1. Kuanguka. Kidevu kifuani, mgongo uwe wa mviringo, mkono mzima upige chini kando ya mwili. Usitupe mkono nyuma kujizuia, utavunjika.

2. Kutulia chini. Ukiwa chali, mfunge mwenzako kiunoni kwa miguu yako miwili. Hapo bado hujashindwa, maana wewe ndiye unayeamua asogee wapi.

3. Kutoka. Mtu akikukalia tumboni, usimsukume kwa mikono iliyonyooka, maana mkono wa namna hiyo ndio anaoutafuta aukunje. Bana viwiko mbavuni, inua nyonga kwa nguvu, lala ubavu, vuta nyonga nyuma, kisha ingiza goti katikati yenu.

4. Kukubali. Ukiona umebanwa, mpige mwenzako kofi dogo mara mbili, au piga sakafu, au sema kwa sauti. Naye lazima aachie palepale, bila kuuliza.

Hili la nne ndilo kubwa kuliko yote. Shingo ikikabwa sawasawa, mtu huzimia kwa sekunde chache tu. Mwaka 1951 huko Rio de Janeiro, Hélio Gracie alikunjwa mkono na Mjapani Masahiko Kimura, akakataa kukubali. Watu wake wa pembeni ndio waliosimamisha pambano, mkono ukiwa umeshaumia. Mpaka leo mbinu ile inaitwa Kimura. Wapo wanaomsifu Hélio kwa ujasiri, lakini mtoto wetu asimwige. Kukubali mazoezini si aibu. Unakubali leo ili kesho urudi ukiwa mzima.

MWALIMU NDIYE MCHEZO
Wengi wetu tunalijua jina la Popole Misenga, mtoto wa Bukavu. Vita vilimtenga na familia yake akiwa mdogo, akapatikana msituni baada ya siku nyingi, akapelekwa Kinshasa, na huko akajifunza judo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba waliposhindwa mashindano walifungiwa na kunyimwa chakula cha kutosha. Mwaka 2013, yeye na Yolande Mabika walikwenda Rio kwenye mashindano ya dunia, wakabaki huko na kuomba hifadhi. Kocha Geraldo Bernardes akawapokea na kuwafundisha. Mwaka 2016 wote wawili walikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, watu 10. Misenga alishinda pambano lake la kwanza dhidi ya Avtar Singh wa India.

Judo ni ileile ya Kinshasa na ya Rio. Kilichobadilika ni mikono iliyomfundisha. Basi, mzazi, kabla ya kutoa hela, nenda ukakae utazame somo moja zima. Angalia haya:

- Mtoto akipiga kofi, anaachiwa palepale? Na mwalimu naye anaachia?
- Wanajifunzia juu ya magodoro au majani? Saruji hapana.
- Wanalinganishwa kwa umri na uzito?
- Watoto wadogo wanaepushwa na kukaba shingo na kupinda miguu?
- Anayeshindwa anaelekezwa, au anatukanwa?
- Mzazi anaruhusiwa kutazama? Ukikatazwa, mrudishe mtoto nyumbani.

Na nyumbani tusaidie: kucha zikatwe, nguo zifuliwe kila baada ya mazoezi, na mwenye choa apumzike mpaka apone, maana huambukiza haraka. Wasichana nao waende. Yolande hakuzuiwa na sketi.

Msitegemee mkanda mweusi upesi. Kwa kawaida huchukua miaka kumi hivi, na mkanda wa bluu wenyewe hautolewi kabla ya miaka 16. Mwaka wa kwanza mtoto atakuwa chini karibu kila siku, na huko ndiko anakojifunza.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazazi: kama mwalimu ni mtu wa kuachia, mwacheni mtoto aende. Vitani hakuna aliyesimama kwa sababu mtoto ameomba. Pale kwenye godoro, makofi mawili yanatosha.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.