Mchezo wa mtandaoni: Ununue toleo lipi kwanza?

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KIJANA wa Mpanda anayetaka kuingia katika ulimwengu wa michezo ya kuigiza uhusika kwa njia ya intaneti hukutana na swali la fedha kabla hajakutana na adui yeyote wa kwenye kioo. Mchezo ni mmoja, lakini dukani una majina manne au matano, kila moja na bei yake. Akikosea kuchagua, fedha hazirudi kwa urahisi.

Tuchukue Final Fantasy XIV, mchezo wa kampuni ya Square Enix ya Japani, kwa kuwa ndio unaowachanganya wengi. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 2010 ukawachukiza wachezaji, ukafungwa Novemba 2012, kisha ukafufuliwa Agosti 2013 chini ya uongozi wa Naoki Yoshida kwa jina la A Realm Reborn. Tangu hapo yameongezwa matoleo ya nyongeza: Heavensward mwaka 2015, Stormblood mwaka 2017, Shadowbringers mwaka 2019, Endwalker Desemba 2021 na Dawntrail Julai 2024.

Mgeni akiona orodha hiyo hudhani busara ni kununua lililo jipya zaidi. Hapo ndipo penye mtego. Dawntrail ilipotoka iliuzwa kwa takriban dola 40 za Marekani, yaani kiasi cha Sh100,000, na ndani yake mliwekwa pia Shadowbringers na Endwalker. Lakini haikuwa na mchezo wa msingi. Aliyeinunua peke yake alikuwa amenunua ghorofa ya juu bila ngazi ya kupandia.

Mchezo wa msingi huuzwa katika Toleo la Kuanzia, ambalo bei yake imekuwa kama dola 20, sawa na takriban Sh50,000. Tangu Oktoba 2023 toleo hilo hubeba A Realm Reborn, Heavensward na Stormblood, pamoja na siku 30 za kucheza bila malipo. Siku hizo zikiisha huanza ada ya kila mwezi, ambayo kwa kiwango cha chini imekuwa dola 12.99. Hiyo ni zaidi ya Sh30,000 kila mwezi, na ni gharama ambayo wengi huisahau wanapopiga hesabu.

Jibu la mwandishi wa makala haya kwa anayeanza ni kwamba asinunue toleo lolote. Lipo toleo la majaribio lisilolipiwa na lisilo na kikomo cha siku. Tangu Oktoba 2023 humruhusu mchezaji kufika ngazi ya 70 akipitia hadithi zilezile tatu zilizomo katika Toleo la Kuanzia, na kujiandikisha hakuhitaji kadi ya benki. Vizuizi vipo: mchezaji hawezi kutumia soko la wachezaji wala kulimbikiza sarafu za mchezo zaidi ya 300,000. Kwa mgeni hayo ni madogo, kwani hadithi hiyo humchukua mtu mamia ya saa.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni kwamba akaunti ya majaribio ikishapandishwa kuwa ya kulipia, hairudi nyuma. Anayenunua Toleo la Kuanzia wiki ya kwanza kwa pupa huwa amelipia kile alichokuwa anakipata bure, na mwezi ukiisha bila ada, mlango hufungwa kabisa.

Kosa la pili ni la duka. Leseni iliyonunuliwa katika duka la Steam na ile ya duka la Square Enix hazichanganyiki. Aliyenunua mchezo wa msingi Steam ni lazima matoleo ya nyongeza ayanunue hukohuko. Punguzo la bei likionekana upande mwingine, halimfai.

Kuna na suala la ukubwa. Mchezo huu baada ya Dawntrail huhitaji nafasi ya gigabaiti 140 katika kompyuta. Kuupakua kwa vifurushi vya simu kunaweza kugharimu kuliko mchezo wenyewe. Ila leseni hukaa kwenye akaunti, si kwenye mafaili, hivyo mwenye ndugu mwenye intaneti ya nyaya Tabora au Dar es Salaam anaweza kunakiliwa mafaili kwenye diski ya nje na kuletewa kwa treni kupitia Kaliua. Kucheza kwenyewe hutumia data kidogo.

Seva za mchezo ziko Japani, Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Australia, Afrika hakuna. Mchezaji wa Katavi achague za Ulaya, akijua kwamba mawasiliano yake hupita chini ya bahari. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima. Kwa mwenye kulipia, siku kama hizo huhesabiwa vilevile. Mpanda, mji ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, unalijua vizuri suala la kulipia kitu kisha ukakikosa.

Asiyetaka kabisa ada ya mwezi anao uchaguzi mwingine. Guild Wars 2 imekuwa bure katika sehemu yake ya msingi tangu Agosti 2015, na matoleo yake ya nyongeza hulipiwa mara moja tu. World of Warcraft ilifuta ununuzi wa mchezo wa msingi mwaka 2018, ikaingiza matoleo ya zamani ndani ya ada ya mwezi. Anayejaribu hucheza bure hadi ngazi ya 20, ambayo hufikiwa upesi mno.

Kwa atakayeamua kulipia, atumie kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti ya pesa za simu, na aweke humo kiasi kinachohitajika tu. Ada hujirudia yenyewe kila mwezi mpaka mteja aisitishe kwenye ukurasa wa akaunti yake, na anaweza kuisitisha siku hiyohiyo aliyolipa bila kupoteza siku zilizobaki.