Kitabu cha masomo nilichomsomea nkambo

Kama uko mwanafunzi wa sekondari unajua namna gani tunasoma romani ku masomo. Mwalimu anaandika ubaoni jina la mwandishi, mwaka aliozaliwa, watu wakubwa wa hadithi, kisha mafundisho ya kitabu. Tunanakili. Siku ya egzameni tunarudisha vile tulivyonakili. Kitabu chenyewe hakuna aliyekishika. Mimi nilikwisha kupata 16 juu ya 20 kwa kitabu ambacho sikufungua hata ukurasa mmoja, tena nilijivuna mbele ya wenzangu.

Mwaka jana mwalimu wetu wa Kifaransa alileta fotokopi ya Germinal, kitabu cha Émile Zola cha mwaka 1885. Fotokopi moja kwa kalasi nzima, kila mtu kwa zamu. Zamu yangu iliangukia likizo ya Pasaka, kwa hiyo nikakaa nayo muda mrefu kuliko wengine.

Nyumbani kwetu nkambo anaishi pamoja nasi. Alifanya kazi chini ya ardhi miaka 27, na sasa macho yake hayaone tena herufi. Aliponiona na rundo lile la karatasi akauliza ni kitu gani. Nikajibu: ni hadithi ya wachimbaji wa makaa kule Ufaransa. Akanyamaza kidogo.

“Wazungu nao balikuwa banashuka chini? Bao wenyewe?”

“Ndiyo, nkambo.”

“Sasa kapita alikuwa nani?”

Hapo ndipo alinikalisha kando yake. Tangu jioni ile nilikuwa naangalia Kifaransa na kutoa Kiswahili, nusu saa kila siku baada ya bukari. Msomaji wangu, jaribu siku moja. Utajua kama kweli unafahamu Kifaransa.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana mmoja, Étienne Lantier, amefukuzwa kazi, anafika usiku wa baridi kali mahali panapoitwa Montsou. Anapata kazi katika shimo la Voreux, anashuka metre 554. Familia inayomsaidia ni ya Maheu: nkambo, baba, mama na watoto saba. Watu kumi, na franga tisa kwa siku wakiunganisha mishahara yote. Mwanzoni binti yao Catherine, miaka 15, anasukuma mabehewa mle chini. Jeanlin, miaka 11, anashuka pia.

Nkambo wa kitabu wanamwita Bonnemort, maana alitolewa mara tatu akiwa karibu kufa. Ana miaka 58. Aliingia kazini hajatimiza miaka 8, na sasa anatema mate meusi. Wanamwambia apumzike, lakini anakataa: akitoka leo atapata pansheni ya franga 150 kwa mwaka, akivumilia mpaka 60 atapata 180. Niliposoma hayo nkambo alicheka mpaka akakohoa. “Ule muzee iko na akili,” akasema. Kisha akauliza polepole: “Lakini nani alimuambia kama atafika ile miaka mbili?”

Nikuambie mahali ambapo nilijua mafupi ya ubaoni yanatudanganya. Ubaoni iliandikwa hivi: “Sababu ya mgomo: umaskini.” Basi. Lakini soma kitabu. Wachimbaji wanalipwa kwa kila behewa la makaa, hawalipwi vizuri kwa kazi ya kuweka miti ya kushikilia paa la shimo. Kwa hiyo wanaweka miti haraka-haraka, na mawe yanaanguka. Wakubwa wanasema: sawa, tutalipa miti mbali, lakini behewa litashuka kutoka santimu 50 mpaka 40. Kwa sikio la mtu wa nje, ni kama wamewapendelea. Mimi nilipasoma haraka, sikuona kitu. Nkambo akanizuia. “Rudia.” Nikarudia. Akachukua kijiti, akafanya hesabu chini, mu bulongo: mabehewa mangapi kwa siku, kinachopotea, kinachoingia kwa miti. Mwishoni mchimbaji anapoteza. “Bamewaiba na heshima,” akasema. Mtu ambaye aliacha masomo ku darasa la nne alifahamu sura hiyo kuliko mimi wa mwaka wa sita.

Zola hakuwa mchimbaji. Mwaka 1884, wakati wa mgomo mkubwa wa Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, alikwenda huko, akaingia nyumba za wafanyakazi, akashuka shimoni. Ndiyo maana nkambo hakumshika na kosa. Alipokufa mwaka 1902, wachimbaji walifuata maziko yake Paris wakiimba jina la kitabu: Germinal! Germinal!

Sitakuficha, kitabu hiki kina kurasa ambazo mtu hawezi kusoma mbele ya mkubwa wake. Ulevi, matusi, mambo ya usiku. Nilikuwa naruka. Jioni moja nkambo akasema: “Umepindua karatasi mbili. Nilisikia.” Nikasema zilishikamana. Hakuniamini, lakini hakuuliza tena. Kwangu mimi, kijana anayesoma na mkubwa wake ana faida: anaruka yanayofaa kurukwa, na hawezi kuruka mengine.

Wazazi wengine watauliza kama ni kitabu cha kumwaga imani. Kuna abé mmoja ndani, Ranvier. Wakati njaa imeshika kambi, anapita nyumba kwa nyumba akiwaahidi wafanyakazi kwamba haki itashinda. Mama mmoja anamjibu kwamba ingekuwa vema aanze kwa kuleta mkate. Nilipofika hapo nilitazama mama yangu, maana anaimba koro parokiani. Akasema: “Yakobo, sura ya pili.” Akaendelea kuchambua sombe.

Sura ya askari ilikuwa nzito. Wanapiga risasi juu ya watu wenye mawe mkononi, Maheu anakufa. Nkambo akasimamisha kusoma. Akatueleza yale aliyosikia kwa wakubwa wake: Desemba 1941, wakati Lubumbashi ilikuwa bado Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mshahara. Wakakusanyika ku kiwanja cha mpira, na tarehe 9 askari wakapiga risasi. Kiongozi wao Léonard Mpoyi akafa. Miaka yote nimepita ku masomo nilikuwa sijasikia jina hilo. Nimelisikia sababu ya romani ya Mfaransa.

Mdogo wangu ana miaka 13. Hakuwa anakaa nasi kusikiliza, mpaka jioni ya Jeanlin. Jumamosi anakwenda na wenzake kuosha mawe mtoni, nyuma ya machimbo ya mikono, na analeta franga. Ninaandika wazi, sababu wengi wenu munajua nyumba kama hiyo, au ni yenu. Tunamkataza. Lakini franga zake zilinunua unga, na sisi tulikula. Jioni ile nilikuwa nasoma vile paa lilianguka juu ya Jeanlin, likavunja miguu yake miwili, na vile walimbeba ku mama yake kati ya kambi. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza: “Alipona?” Nikajibu: alipona, lakini anachechemea, na baadaye anakuwa mbaya, anaua mtu kwa kisu. “Juu ya nini?” Sikupata jibu. Wala Zola halitoi. Ufaransa ilikataza wasichana wote, na wavulana chini ya miaka 12, kushuka shimoni mwaka 1874. Kwetu sheria ya kulinda mtoto ni ya mwaka 2009. Mdogo wangu anaijua, walimfundisha.

Tulimaliza siku mbili mbele ya kurudi masomo. Mama Maheu alikuwa ameapa kumnyonga wa kwanza wa nyumba yake atakayerudi shimoni. Amepoteza bwana, Zacharie, Catherine na Alzire mdogo aliyekufa kwa njaa. Kisha yeye mwenyewe anashuka, kuzungusha mashini ya upepo masaa kumi kwa siku, kwa sababu waliobaki lazima wale. Mama aliacha kazi ya mkono, akasikiliza mpaka mwisho. Nkambo hakusema kitu. Aliomba maji.

Sasa nimeazima kitabu cha Sembène Ousmane, Les Bouts de bois de Dieu, cha mwaka 1960, juu ya mgomo wa reli kutoka Dakar mpaka Niger, 1947 na 1948. Ndani yake wanawake wanatembea kwa miguu kutoka Thiès mpaka Dakar. Nkambo anasema treni si kazi ngumu, lakini anasikiliza.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alirudi magharibi, matope mpaka magoti. Tulikuwa tumekwisha sura moja. Akanawa, akakaa chini kando ya mkeka, akasema nirudie pale alipokosa.