Kim: Jina la Watu Milioni Kumi

Ukisimama katikati ya jiji la Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, ukaita kwa sauti "Kim!", basi kiasi cha mtu mmoja katika kila watano wanaopita angekuwa na haki ya kugeuka. (Usijaribu lakini, kumwita mtu kwa jina la ukoo tupu ni utovu wa adabu huko.) Hesabu ya watu ya mwaka 2015 ilionyesha akina Kim kuwa milioni 10.7 kati ya watu milioni 49.7, yaani asilimia 21.5. Walifuatwa na akina Lee, milioni 7.3, na akina Park, milioni 4.2. Majina matatu tu yamechukua zaidi ya watu wanne katika kila kumi!

Jina hilo huandikwa kwa herufi ya Kichina yenye maana ya dhahabu. Akina Kim wa mji wa Gimhae, ambao ndio wengi kuliko wote, hujihesabu kuwa wazao wa Mfalme Suro. Masimulizi ya kale yanasema alitoka katika yai la dhahabu lililoshuka kutoka mbinguni mwaka 42, akaasisi dola ya Gaya. Mkewe, Heo Hwang-ok, yasemekana alifika kwa chombo kutoka nchi ya mbali, na wana wao wawili wakapewa jina lake. Ndiyo maana, kwa mila, Kim wa Gimhae na Heo wa Gimhae ni ndugu wasiooana. Akina Kim wa Gyeongju humtaja babu mwingine kabisa, Kim Alji, aliyekutwa msituni ndani ya kasha la dhahabu. Kwa hiyo si kila Kim ni ndugu ya Kim. Jina hufuatana na mji wa asili.

Je, yawezekanaje mfalme mmoja awe na wazao zaidi ya milioni nne? Zamani jina la ukoo lilikuwa pambo la wafalme na mabwana. Watumwa na wanyonge wengi hawakuwa nalo. Katika karne za mwisho za ufalme wa Joseon, waliopata fedha walinunua nafasi katika vitabu vya nasaba vya mabwana. Mwaka 1894 utumwa ulifutwa, na mwaka 1909 sheria ya uandikishaji ikamtaka kila mtu awe na jina la ukoo. Wengi walichagua lenye heshima. Hapana shaka, basi, kwamba wengi wa wajukuu wa Suro ni wajukuu wa watumishi, wala hapana aibu katika hilo.

Uchungu ulikuwa kwingine. Kifungu cha 809 cha sheria ya madai, iliyoanza kutumika mwaka 1960, kiliwakataza watu wenye jina moja na asili moja upande wa baba kuoana, hata kama babu yao wa pamoja alikuwa wa vizazi ishirini nyuma. Wafikirie kijana na msichana waliokutana kazini, wote wawili Kim wa Gimhae. Waliweza kuishi pamoja, lakini ndoa haikuandikishwa, na watoto wao wakahesabiwa kuwa wa nje ya ndoa. Serikali ilifungua mlango kwa mwaka mmoja mmoja, 1978, 1988 na 1996, na kila mara maelfu ya wanandoa waliharakisha kujiandikisha. Hatimaye, tarehe 16 Julai 1997, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kifungu hicho kilikwenda kinyume cha Katiba. Bunge lilikirekebisha mwaka 2005. Katazo likabaki kwa jamaa wa karibu, hadi daraja la nane.

Jambo moja halikuhitaji mahakama. Mwanamke wa Korea akiolewa habadili jina. Aliyezaliwa Kim hufa Kim. Watoto hufuata jina la baba, ingawa tangu mwaka 2008 bibi na bwana wanaweza kukubaliana, siku ya kuandikisha ndoa, kwamba watachukua la mama.