Sura ya Nne: Ushahidi wa Kambare

Hakuna dhana niliyokutana nayo mara nyingi, katika majaruba ya mpunga na katika baraza za wasomi vilevile, kama hii isemayo kwamba dawa ya magugu, kwa kuwa imetengenezwa kuua majani, haina uadui na samaki. Wenye kuishika wana hoja, wala si ya kipumbavu: glaifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974, huzuia kimeng'enya cha mimea ambacho samaki hana, basi itamdhuru kwa lipi? Walakini wanasahau kuwa mkulima hatii glaifoseti tupu katika bomba lake la mgongoni. Humo mna pia kitu mfano wa sabuni, ambacho aghalabu kilitengenezwa kwa shahamu ya wanyama, kazi yake kuitandaza dawa juu ya jani. Na mwaka 1979 Leroy Folmar na wenzake, huko Marekani, walibainisha kuwa ili kuua nusu ya samaki wa jamii ya trauti kwa saa 96 zilihitajika miligramu 140 za glaifoseti katika kila lita ya maji, ilhali sabuni ile iliitimiza kazi hiyo kwa miligramu 2 tu. Kwani utando mwembamba wa matamvua, ambao ndio mlango wa pumzi ya samaki, hauistahimili sabuni.

Wako na wasiotaka hata kusikia habari za dawa. Samaki wakielea alfajiri, siku kadhaa baada ya mfereji kunyunyiziwa, husema jini wa mto ameghadhibika, na mbuzi asiye na hatia akachinjwa kwa kosa la mwenye bomba. Subira yangu kwa maneno haya imekwisha. Magugu yaliyokufa huoza; vijidudu viozeshavyo humaliza oksijeni ya maji; na kwa kuwa mimea haitoi hewa hiyo gizani, uhaba huzidi hata karibu na mapambazuko, saa ileile anayosingiziwa jini.

Nilikuwa nimekusudia kuendelea kwa taratibu na habari za ini, kisha za uzazi, lakini sina budi kusimama kwa kambare, kwa maana ndiye shahidi ninayeletewa kila mara: "Mwalimu, mbona kambare yu hai?" Mfungue kichwa, juu ya matamvua, nawe utaona vijitawi vyekundu vilivyosongamana mfano wa marijani. Hivyo ndivyo vyombo vyake vya kuvutia pumzi hewani; kwa hivyo hupanda juu, akameza fundo la hewa, akarejea chini katika maji ambamo perege amekwisha kufa kwa kukosa pumzi. Uhai wake si hati ya usalama wa maji, na ini lake laweza kuwa limeharibika naye angali akipiga mkia.

Ndiyo maana mtu akinijia na kambare mkononi ili kunisuta, mimi humwuliza jambo moja tu: katika mgono huohuo, perege wako wapi?