Kazi ya Mwisho ya Kabati: Kutia Rangi na Vanishi

Katika darasa letu la kisomo yumo seremala mmoja. Siku moja alitusimulia hasara aliyoipata. Alitengeneza kabati la vyombo kwa mbao za msonobari. Mama aliyeliagiza alikuwa ameuza mahindi yake ili alinunue. Maungo yalikuwa imara na milango ilifunga vizuri. Lakini mama alipoliona alisema, "Fundi, mbona lina madoadoa kama chui? Hili silichukui." Kabati likabaki kwa fundi. Mbao zimekwenda, siku zimekwenda, na fedha hakupata.

Kosa halikuwa la msumeno wala la randa. Kosa lilikuwa katika kazi ya mwisho, yaani kutia rangi na vanishi. Tuitazame kazi hiyo hatua kwa hatua.

1. Kutayarisha mbao

Kwanza hakikisha mbao zimekauka. Kisha piga msasa. Anza na namba 80 au 100, fuatisha 120, umalizie na 180. Daima fuata nyuzi za mbao. Ukizikata nyuzi, mikwaruzo itaonekana mara rangi itakapoingia.

Sasa futa kabati lote kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kwa nini? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, penye gundi iliyomwagika pataonekana tofauti. Hapo rangi haitapenya, patabaki baka jeupe. Pakwangue na upapige msasa tena. Ya pili, maji huziamsha nyuzi, na mbao huwa na vinyweleo. Iache ikauke, kisha pitisha msasa laini. Vinyweleo vikiondoka sasa, havitakusumbua baadaye.

2. Kutia rangi

Ziko rangi za namna mbili. Moja hufunika mbao, na nyuzi hazionekani tena. Nyingine hupenya ndani ya mbao, na nyuzi huendelea kuonekana. Hapa tunasema juu ya hii inayopenya. Inafaa mbao nyeupe, kama msonobari. Mninga una rangi yake nzuri. Mara nyingi unahitaji vanishi tu.

Rangi ya unga huchanganywa na maji ya vuguvugu, kisha huchujwa kwa kitambaa. Changanya rangi ya kutosha kabati zima. Ukichanganya mara ya pili, ni vigumu kupata rangi ile ile.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao hiyo hiyo. Rangi ikikauka hufifia. Usiogope. Paka vanishi juu ya kipande hicho, nawe utaona rangi yake ya kweli. Mwonyeshe mwenye kabati, akubali kabla hujaendelea.

Msonobari hainywi rangi sawasawa. Ndiyo maana kabati la fundi wetu lilipata madoadoa. Basi lowesha mbao kidogo kabla ya kupaka. Tumia rangi hafifu mara mbili, usitumie rangi kali mara moja. Kwenye ncha za mbao lowesha zaidi, kwa kuwa ncha hunywa rangi nyingi. Futa rangi inayozidi, ukifuata nyuzi.

3. Kutia vanishi

Rangi peke yake haizuii maji wala uchafu. Ngao ya kabati ni vanishi. Subiri rangi ikauke kabisa. Paka vanishi nyembamba mara mbili au tatu. Kila inapokauka, pitisha msasa laini kidogo, uondoe vumbi, ndipo upake tena. Vanishi nene hutiririka na huchelewa kukauka.

Mafundi wengine hutumia bomba la kupulizia, linalosukumwa na mtambo wa hewa. Kazi huwa ya haraka, wala hakuna alama za brashi. Shika bomba umbali wa sentimita 20 hivi kutoka kwenye mbao. Usizungushe mkono kama unayefagia, upeleke sambamba na mbao. Kila mstari ufunike nusu ya mstari uliopita. Anza na sehemu zisizoonekana, malizia na uso wa kabati. Mlango ulaze chini, vanishi isitiririke. Siku ya mvua au ya unyevu mwingi usipulize vanishi inayokauka upesi. Inaweza kugeuka nyeupe kama ukungu.

4. Jihadhari na hatari

Ndugu msomaji, sehemu hii usiiruke. Mvuke wa vanishi na thina hushika moto upesi. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini mpaka kwenye jiko au kibatari kilicho mbali. Usipulize ndani ya nyumba. Usivute sigara. Watoto wakae mbali.

Mvuke huo hudhuru mapafu na kichwa. Kitambaa puani huzuia vumbi tu, mvuke hakizuii. Tumia barakoa yenye chujio la mkaa, na ufanye kazi penye upepo.

Tena, matambara yenye mafuta ya mbegu za kitani yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji.

Fundi wetu hakukata tamaa. Alilipiga lile kabati msasa mpaka mbao ikawa nyeupe, akaanza upya. Safari hii alijaribu kwanza kwenye kipande. Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tunafuta mbao kwa maji kabla ya kutia rangi?
2. Kwa nini tunajaribu rangi kwenye kipande?
3. Katika kijiji chenu, mafundi hutupa wapi matambara ya mafuta? Je, mahali hapo ni salama?