Mashua Kuukuu: Usianze na Moteri



Tangu mwezi wa tano wengi wenu mmepita nyuma ya atelie na kutucheka. "Ile bwato munaipeleka wapi, ku Karavia?" Hatukukasirika. Kweli Lubumbashi si mji wa maji makubwa, na mashua ya mita saba iliyokaa juu ya matofali katikati ya mabua ya mahindi ni kitu cha kuchekesha. Lakini sasa kazi imekwisha, na walimu wawili wametuomba tueleze namna tulivyofanya, maana wana ndugu Kasenga na Pweto wenye mashua za namna ile. Basi tunaeleza. Tutasema pia fasi tulipokosea, na tulikosea mwanzoni kabisa.

Kwanza tuwajibu wenye kucheka. Mashua ya moteri kupita katika mji wetu bila maji si jambo geni. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza walileta mashua mbili za mbao, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi. Zilitoka Cape Town kwa treni, zikapita hapa Elisabethville, zikateremshwa Fungurume. Toka pale zilivutwa porini na mashine za mvuke na ng'ombe, kuvuka milima ya Mitumba mpaka Sankisia, kiisha treni hadi Bukama, kiisha mto Lualaba hadi Kabalo, kiisha treni tena mpaka ziwa Tanganika. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, iliyokuwa imetobolewa na mzinga. Waliziba tundu lake, wakaiita Fifi, na mwezi wa pili 1916 Fifi hiyohiyo ilikwenda kupigana upande wao. Sisi tulikuwa na mashua moja tu, na hakuna aliyetupiga mzinga.

Mashua ni ya baba mdogo wa mwenzetu mmoja. Anachukua watu, samaki na chumvi Kasenga, kwenye mto Luapula, na mara nyingine anashuka hadi ziwa Moero. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi, pamoja na moteri yake ya kufunga nyuma. Lori linaloleta samaki mjini ndilo lililotuletea.

Sasa kosa letu. Sisi ni watoto wa mekanike, na mtoto wa mekanike akiona moteri hana macho tena kwa kitu kingine. Juma mbili nzima tulifungua moteri, tukaisugua, tukaipaka rangi ya bluu, tukaisikiliza ikilia vizuri. Siku ya kuifunga kwenye mashua, mmoja wetu aliegemeza kisu kwenye ubao wa nyuma, ule unaobeba moteri, apate mikono miwili ya kunyanyua. Kisu kiliingia mpaka kwenye mpini. Hakusukuma. Kiliingia chenyewe kama kwenye bukari.

Tulinyamaza wote. Kumbe nje kulikuwa na rangi tu, na ndani ubao umekuwa unga.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalowaambia ni hili: mwenye kuuza mashua atakuwashia moteri uisikie. Usiende na masikio, nenda na kisu. Gonga kila ubao kwa mpini. Ubao mzima unajibu kwa sauti kali, uliooza unajibu kama mtu anayepiga mfuko wa unga. Pale sauti inapokufa, chokoza kwa ncha ya kisu, kiisha weka alama ya chaki. Anza na ubao wa nyuma, halafu tumbo la mashua fasi maji yanapotuama, halafu chini ya visi na buloni, halafu mwisho wa kila ubao. Mwisho wa ubao unakunywa maji kama mdomo, maana mishipa yote ya mti inafungukia pale. Sisi tulihesabu alama 23.

Tulishangaa kwamba mbao za chini kabisa, zinazokaa ndani ya mto, zilikuwa nzima kuliko za juu. Mwalimu wa biolojia alitueleza. Kinachoozesha mti ni uyoga mdogomdogo, na uyoga huo unataka unyevu na hewa kwa pamoja. Ubao unaokaa chini ya maji siku zote hauna hewa ya kutosha. Ubao unaonyeshewa na mvua, ukakauka kidogo, ukanyeshewa tena, ndio unaokufa. Basi maji ya mvua yanayobaki ndani ya mashua yanaharibu kuliko mto wenyewe. Mashua isiyofanya kazi igeuzwe kifudifudi au ifunikwe, na hewa ipite chini yake.

Jambo la pili lilitufundisha kemia kuliko daftari lolote. Ubavuni palikuwa na kiraka cha shaba. Mwenye mashua wa zamani aliona ni akili: sisi tuko katika nchi ya shaba, shaba haipati kutu, basi aziba tundu kwa shaba. Lakini alikipigilia kwa misumari ya chuma. Tulipoinua kiraka kilitoka kwa vidole. Shaba ilikuwa nzima, misumari ilikuwa haipo, imebaki madoa mekundu tu ndani ya mti. Chuma na shaba vikigusana ndani ya maji, chuma ndicho kinacholiwa, na maji yakiwa na chumvi kazi inakwenda mbio. Mtauliza, chumvi ya wapi katika Luapula? Ni ya samaki! Mashua imechukua samaki wa chumvi miaka yote, maji yake yanadondoka tumboni. Ukitaka kuona, weka msumari uliofungwa waya wa shaba ndani ya glasi ya maji ya chumvi, na msumari mwingine peke yake katika glasi ya pili. Ngoja juma moja.

Kwa hiyo shaba ifungwe kwa misumari ya shaba. Na kwenye mguu wa moteri kuna kipande kidogo cha zinki: kazi yake ni kuliwa badala ya wengine. Sisi tulikuwa tumekipaka rangi ya bluu kama moteri yote, tukajiona mafundi. Kikipakwa rangi hakiliwi, na basi vingine vinaliwa. Tulikikwangua.

Ubao wa nyuma tuliutoa wote. Hapo ndipo palizuka maneno. Baba mdogo alikuja toka Kasenga, akatazama shimo nyuma ya mashua yake, akasema: "Batoto, miye nilisema mutengeneze, sikusema mubomoe." Alitaka tupigilie ubao mpya juu ya ule wa zamani, apate kurudi kabla ya mvua. Feza ilikuwa inaisha, na kila juma mashua inapokaa kwetu ni juma asilopata kitu. Tulimwelewa, na mwenzetu alikuwa katikati yetu na mzazi wake, hakujua aangalie wapi.

Mwalimu wa ufundi alimjibu kwa heshima. "Papa, hii moteri ina karibu kilo 50. Na ikifanya kazi, nguvu yote ya kusukuma mashua na watu inapita paka katika huu ubao. Ukingoka katikati ya mto, moteri inakwenda chini, na pale ulipotoka maji yanaingia. Utakuwa na watu wangapi ndani?" Alimpa kisu ajaribu mwenyewe. Mzee alichoma mara mbili, akakirudisha bila kusema kitu, akaenda zake. Siku ya tatu alituma feza ya mbao. Hakutuma salamu.

Tulitumia mulombwa. Ni mti mzuri kwa mashua kwa sababu ukikauka haujikunji sana, wala wadudu hawaupendi. Unene tulichukua uleule wa zamani, sentimeta tano. Mashimo ya buloni tuliyapaka lami ndani kabla ya kupitisha buloni, maana ni kwa njia hiyo maji ya mvua yaliingia mara ya kwanza. Mbao nyingine tulikata sehemu iliyooza, na sentimeta 20 zaidi kila upande katika mti mzima, sababu ugonjwa unakwenda mbele kuliko jicho linavyoona.

Kiisha nyufa. Hapa tunaomba msome polepole, maana hili ni la Katanga hasa. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua kwetu, na mti unakauka mpaka unalia. Mashua yetu ilifunguka: ungeweza kupitisha sarafu kati ya mbao. Tulitaka kujaza nyufa zile kwa mastike ngumu, tuzisukume mpaka zishibe. Kwa bahati mwalimu alitukuta. Mbao zikirudi majini zinavimba. Kama ufa umejaa kitu kigumu, ubao hauna fasi ya kuvimbia, unasukumana na jirani yake, unang'oa misumari, na mwisho unavunja mbavu za mashua. Mashua inazama kwa sababu umeiziba sana! Basi tulisokota pamba, tukaishindilia kwa nyundo na patasi butu, si kwa nguvu, halafu mastike laini juu yake. Watu wa pwani ya mashariki wanaiita kazi hii kalafati. Ni kazi ya mgongo kuuma. Ufa mmoja wa mita saba ulitula siku mbili.

Sasa moteri, kwa kifupi, maana ndiyo mnayoijua. Muuzaji alisema haijaanguka majini hata siku moja. Matope ndani ya karbirateri yalisema mengine. Moteri iliyozama haifi ndani ya maji kama inavyokufa ikitolewa: hewa ikikutana na chuma chenye maji, kutu inaanza siku ileile. Ukiitoa, ioshe kwa maji safi, toa buji, igeuze maji yatoke, tia mafuta ndani ya silinda na uizungushe kwa mkono, yote siku hiyohiyo. Mfano mkubwa ni meli Liemba ya ziwa Tanganika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma kwa jina la Graf von Goetzen. Mwezi wa saba 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini mafundi wake walipaka mashine zake grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta mashine zinafaa, na mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Grisi ile iliokoa meli.

Karbirateri tulipoifungua tulipiga picha kwa telefone kila hatua, na picha hizo zilituokoa, maana visi viwili vilifanana. Mafuta ya mguu tuliyatoa: yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, alama kwamba maji yamepita, basi tulibadili mipira ya kuziba. Usiwashe moteri hii hewani hata kidogo. Pompi yake ina kipira kinachopozwa na maji, kikizunguka kikavu kinaungua upesi. Sisi tuliweka pipa la lita 200 lenye maji, tukazamisha mguu humo, na tukatazama kama ule mkojo mdogo wa maji unatoka pembeni. Usipotoka, zima. Esanse inachanganywa na mafuta ya moteri. Yetu inataka lita moja kwa 50, maana yake mililita 400 kwa bidoni ya lita 20. Moteri za zamani zaidi zinataka mafuta mengi kuliko hayo, basi soma kitabu chake.

Tuseme pia juu ya mvuke wa esanse. Ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala tumboni mwa mashua, hauuoni. Tunajua kwamba safarini watu wanapenda kupika ndani ya mashua. Mbabula na bidoni ya esanse visikae katika mashua moja. Tulimwambia baba mdogo hivyo, akajibu kwamba hilo analijua, alikwisha kuona mashua ya mwenzake ikiwaka.

Rangi tuliiweka mwisho. Ya zamani tuliikwangua ikiwa imelowa, na kitambaa mdomoni, kwa sababu rangi za zamani mara nyingi zina risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Kuichoma kwa moto ni vibaya zaidi. Ndani tulichora mstari mwekundu, shubiri moja chini ya ukingo: maji yasipite pale mashua ikipakiwa. Mstari huo baba mdogo hakuuomba.

Siku ya posho moja ya mwezi wa kumi lori liliipeleka Kasenga, imefunikwa magunia yaliyolowa, na sita kati yetu tulikwenda nayo. Zaidi ya kilometa 200, tukiyamwagia magunia maji njiani. Tuliishusha ukingoni, tukaifunga kwa kamba mbili, na maji yakaanza kuingia pande zote. Watu walikusanyika kutazama. Baba mdogo alikaa juu ya jiwe, hakutuangalia. Tulimweleza kwamba ni lazima inywe kwanza. Usiku wa kwanza tulichota ndoo 41, kwa zamu. Usiku wa pili ndoo 12. Siku ya tatu asubuhi ilikuwa ndoo mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa mvua.

Ndipo akasimama, akaingia ndani, akapita mpaka nyuma, akatoa kisu chake mfukoni na kuuchoma ubao wa mulombwa. Ncha ilikataa. Alitwambia tulete moteri.

Mbao zilizooza na misumari iliyoliwa tumeziacha nyuma ya atelie, karibu na pipa. Anayetaka kujifunza kugonga na kusikiliza aje saa ya mapumziko, kisu tutampa.