Akiba ya Oksijeni kwa Mgonjwa Mnene Katika Tiba ya Umeme

Tiba ya mshtuko wa umeme kwa maradhi ya akili ilianzishwa mjini Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Hadi leo hutumika, hasa kwa sonona kali isiyosikia dawa. Mgonjwa hulazwa kwanza kwa nusukaputi, kisha hupewa suksametoniamu, dawa ilegezayo misuli ili mtukutiko usimvunje mifupa. Lakini misuli ya kuvuta pumzi nayo hulegea. Kwa dakika chache mgonjwa hawezi kupumua mwenyewe, na ni katika dakika hizo hizo ubongo wake huhitaji oksijeni nyingi kuliko kawaida.

Huishi kwa akiba. Mwanafunzi wa Kiegei, mkoani Lindi, na aufikirie mtungi wa maji wakati wa kiangazi: siku utakazotosha hutegemea ukubwa wake na idadi ya wanywaji. Mtungi wa oksijeni ni hewa ibakiayo mapafuni baada ya kushusha pumzi, kiasi cha lita 2 kwa mtu mzima aliyelala chali. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 tu, nao mwili hutumia kama mililita 250 kwa dakika. Akiba hiyo haifikishi dakika 2. Ndiyo maana mgonjwa huvutishwa oksijeni tupu kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kulazwa. Naitrojeni hutolewa mapafuni, na mtungi hujaa oksijeni.

Kwa mtu mnene mambo huharibika pande zote mbili. Mafuta ya tumboni huisukuma juu kiwambo, yaani msuli utenganishao kifua na tumbo, na mtungi hupungua. Mwili mkubwa nao una wanywaji wengi. Mtu wa wastani aliyejazwa oksijeni vema aweza kustahimili kama dakika 8 bila kupumua. Aliye mnene mno hufikisha kama dakika 3, pengine pungufu, hali dawa ya kulegeza misuli bado inafanya kazi.

Dawa bora hapa ni mito, ambayo kwa bahati njema hupatikana hata katika hospitali ndogo. Kichwa na kifua huinuliwa mpaka tundu la sikio lilingane na ncha ya juu ya mfupa wa kidari. Tumbo hushuka, mapafu hupanuka. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2005, wagonjwa wanene mno walioinuliwa nyuzi 25 walikaa kwa wastani sekunde 201 kabla oksijeni ya damu kushuka hadi asilimia 92. Waliolala chali walikaa sekunde 155.

Barakoa hushikwa kwa mikono miwili, mtu wa pili akiubana mfuko wa hewa. Inapoondolewa ili kuweka kizuizi cha meno, mrija mwembamba wa puani huendelea kupitisha oksijeni. Kipimo cha kidoleni huchelewa kuonyesha upungufu ulioanza mapafuni. Kwa hiyo mtaalamu wa nusukaputi hangoji namba ishuke, bali humpulizia mgonjwa hewa mara tu umeme unapokatwa.